Mwaka Mwili Wangu Ulipokataa Kutulia

Mikono ndiyo iliyotangulia. Nilikuwa nikishona sare za kina mama wa parokia yetu, blauzi nyeupe zenye kola ya buluu, na kola moja ikanishinda. Naitwa Gacheri. Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko kwenye baraza la duka karibu na soko la Gakoromone, Meru mjini, na kabla ya ugonjwa huu niliweza kushona kola huku nikipiga gumzo na mteja bila kuangalia sindano. Siku hiyo kitambaa kilicheza chini ya vidole vyangu. Nilifumua, nikashona, nikafumua tena. Mwishowe kikachanika. Nikakitupa chini na kulia mbele ya watu waliokuja kununua viazi.

Naandika haya sasa kwa kuwa yamepita, na kwa kuwa najua kuna mtu ambaye leo asubuhi ameshindwa kufunga vifungo vya shati la mtoto wake, akaambiwa ni mawazo tu. Mambo ya dawa utaelezwa na daktari. Mimi nitakueleza yale ambayo mimi sikuelezwa na mtu: jinsi nyumba inavyokuwa ukiwa ndani yake mtu asiyeweza kuketi.

Mvua ndefu zilikuwa zimeanza. Tuliishi Nchiru, mimi na mume wangu Murithi, mwalimu wa shule ya msingi, na binti yetu Kendi aliyekuwa darasa la saba. Mama yake Murithi, ambaye sote tulimwita Shosho, yaani nyanya, kwa ajili ya Kendi, alikuwa na nyumba yake hapo hapo kwenye boma letu, hatua chache kutoka mlango wangu wa jikoni.

Nilianza kuamka kabla ya jogoo na kufagia ua. Nikimaliza, nafagia tena. Nilifua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Nilikula kama mtu anayelima shamba zima peke yake, sahani ya githeri na nyingine juu yake, na bado sketi zangu zilinivuka kiunoni nikawa nazifunga kwa pini. Julai ilipofika na ile baridi yake ya ukungu, Murithi na Kendi walivaa sweta mbili mbili, nami nilikaa kizingitini na gauni la mikono mifupi huku jasho likinitiririka mgongoni. Nywele zilitoka kwa kitana. Moyo ulikuwa ukienda mbio hata nikiwa nimelala chali, nikiusikia masikioni, kama mtu anayetwanga nyumba ya pili.

Na hasira! Kendi akiangusha kijiko, napiga kelele. Murithi akichelewa dakika chache, namsubiri mlangoni nikiwa na maneno tayari. Siku moja aliweka kikombe mezani, akanitazama.

"Mama Kendi, mbona unanitolea macho hivyo?"

"Sijakutolea macho."

"Nenda kwa kioo."

Nilienda. Macho yalikuwa yametoka kweli, makubwa, yenye kung'aa, kama ya mtu aliyeshtuliwa na hajapata nafuu ya mshtuko. Jina Gacheri kwetu ni la mtu anayependa kutembea na kuzuru watu. Majirani walianza kulitamka huku wakicheka kidogo, maana nilikuwa nikipita njiani huku na huku bila kazi, nikitoka kwa huyu na kuingia kwa yule, nikikataa kiti.

Halafu kicheko kiliisha. Ilikuwa miaka ile ya ukimwi, ambayo mtu akikonda, watu walinyamaza akipita. Wateja wangu wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo sikuwa nimevishona. Hawakusema sababu. Murithi naye alianza kulala ameugeukia ukuta. Asubuhi moja nilimwambia, "Twende tukapimwe, wote wawili." Alivaa koti lake la shule na tukaenda. Majibu yalipotoka hatukuwa na ugonjwa huo. Nilidhani tutafurahi. Murithi aliketi kwenye ngazi za ile kliniki, akashika kichwa.

"Sasa ni nini?" akasema. "Kama si hiyo, ni nini, Gacheri? Ama ni mimi umenichoka tu?"

Nilikuwa nimesimama, nikihamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule.

Daktari mmoja aliniambia ni presha. Mwingine akaniambia ni minyoo, na mwingine kwamba wanawake wa umri wangu huwa hivyo. Mwishowe nilipelekwa hospitali kubwa. Kama umewahi kungoja huko, unajua: benchi refu, wagonjwa wamebanana, wa mbele akiitwa wote wanasogea hatua moja kwa makalio. Ukiinuka umepoteza nafasi. Mimi sikuweza kukaa. Ningekaa kidogo, miguu inaanza kupiga sakafu, mama wa kando ananitazama, nainuka. Nikirudi, nafasi imekwenda. Ilitokea hivyo mpaka mzee mmoja mwenye kikohozi akavua kofia yake ya sufu na kuiweka mahali pangu.

"Wewe tembea, mama," akaniambia. "Kofia itakusogelea."

Basi nilitembea kwenye ule ushoroba, kutoka dirisha la famasia hadi mlango wa maabara, na kila nikigeuka naiona kofia imesogea, mzee akiivuta pamoja naye. Sijui jina lake. Aliitwa kabla yangu, akaiacha kofia pale hadi nilipoitwa nikaingia nayo mkononi, na nilipotoka nilimkuta nje ananisubiri aichukue.

Daktari alikuwa mwanamke. Alinipa glasi ya maji, akaniambia ninywe polepole huku akitazama koo langu. Akanitaka ninyooshe mikono, akaweka karatasi juu ya vidole. Karatasi ilitikisika kama jani.

"Umekuwa mgonjwa tangu lini?"

"Mimi si mgonjwa, daktari. Nina hasira tu."

Hakucheka. "Hiyo hasira pia ni ugonjwa," akasema. "Una tezi hapa shingoni inayofanya kazi kupita kiasi. Ndiyo inayokukimbiza."

Nililia tena, na safari hii ilikuwa kwa raha. Miezi yote hiyo nilifikiri nimegeuka mtu mbaya.

Alinipa vidonge vya aina mbili: vya tezi, na vingine vidogo vya rangi ya waridi vya kuutuliza moyo. Alisema vya tezi vitachukua wiki nyingi kabla sijaona tofauti. Kuhusu vile vya moyo alininyooshea kidole kama mwalimu. "Hivi usiviache ghafla. Hata siku moja. Umesikia?"

Nilisikia. Murithi pia alisikia, maana alikuwa ameingia nami. Tulipofika nyumbani alimweleza mama yake yote. Shosho alisikiliza akichambua maharagwe, akaitikia kwa kichwa.

Lazima nikueleze habari za Shosho ili usimhukumu haraka. Alikuwa na binti aitwaye Kananu, dada yake Murithi, ambaye mimi sikumkuta. Kananu alikwenda hospitali na miguu yake mwenyewe, akiwa amevaa viatu vipya, kwa ajili ya tumbo lililokuwa likimsumbua. Alirudishwa kwa sanduku. Tangu siku hiyo Shosho hakumeza hata kidonge cha kichwa. Alikuwa na rozari yake, na alikuwa na mji wa Karimaini.

Karimaini ni mji mdogo wa hija upande wa Mbeere, ng'ambo ya Ishiara. Kuna mlima mfupi wa mawe, juu yake kanisa dogo la Mama Maria, na chini yake kisima ambacho hakikauki hata nchi yote ikiwa imepauka. Parokia yetu ilienda huko kila mwaka, mwishoni mwa kiangazi kabla ya mvua za Oktoba. Zile blauzi za kola ya buluu zilikuwa za safari hiyo.

"Nimeweka nadhiri," Shosho aliniambia. "Wewe na mimi tutapanda ule mlima."

Wiki chache za vidonge zilikuwa zimepita. Moyo ulikuwa umepoa kidogo, lakini mikono bado ilitetemeka na bado sikuweza kukaa. Murithi hakutaka niende. Mimi nilitaka. Nisikudanganye, sikutaka kwa ajili ya sala tu. Mtu asiyetulia hupenda safari, anafikiri kule aendako ndiko utulivu uliko.

Tulishuka kutoka milima ya kwetu yenye chai na migomba, tukapita Chuka, na kadiri tulivyoshuka ndivyo jua lilivyozidi kutukaribia. Ishiara tulinunua maji. Baada ya hapo ardhi ikawa nyekundu, mbuzi wakisimama kwa miguu ya nyuma kufikia majani ya vichaka. Karimaini tuliikuta imejaa watu kutoka Embu, Tharaka, hata Machakos. Ni barabara moja tu yenye maduka kila upande, na wakati wa hija kila nyumba huwa ya wageni. Sisi tulipokelewa na mjane mmoja Mmbeere aitwaye Ciarunji, aliyetandika mikeka sebuleni mwake na kutulisha muthokoi na ndengu kabla hata hatujavua viatu.

Alasiri hiyo nilifungua mfuko wangu nimeze kidonge. Mikebe miwili ya vidonge nilikuwa nimeifunga ndani ya soksi. Soksi ilikuwepo. Ndani yake palikuwa na chupa ndogo ya plastiki, tupu, yenye picha ya Mama Maria, ya kuchotea maji ya kisima.

Nilimtazama Shosho. Alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha mbele, hakujificha.

"Dawa ziko kabatini kwangu," akasema kwa Kimeru, ili Ciarunji asielewe. "Sijazitupa."

"Shosho, daktari alisema nisiziache hata siku moja."

"Daktari alimwambia Kananu nini?"

"Mimi si Kananu."

"Ndiyo maana nimekuleta mapema." Alisema hivyo kwa upole kabisa. "Ni siku hizi chache tu, mwanangu. Huwezi kumwomba Mungu huku umeshika kitu kingine mkononi."

Mtu aliyemfokea binti yake kwa sababu ya kijiko angepaswa kubomoa nyumba siku hiyo. Sikubomoa kitu. Nilitoka, nikaenda mbio hadi dispensari ya masista. Ilikuwa imefungwa. Mlinzi alisema sista amempeleka mama mjamzito Embu, labda atarudi kesho. Hapakuwa na duka la dawa mjini humo. Gari lililotuleta lilikuwa limerudi Meru. Nilikaa kwenye ngazi za dispensari, nikainuka, nikakaa, nikainuka.

Asubuhi moyo ulikuwa umeanza tena kutwanga. Wenzangu walikwenda kwenye rozari chini ya hema. Mimi sikuweza kupiga magoti hata kwa fungu moja. Nikawa nazunguka mji. Nadhani hakuna hujaji aliyeijua Karimaini kama nilivyoijua mimi siku ile. Nyuma ya kanisa nilikuta wasichana wakiyeyusha mabaki ya mishumaa kwenye sufuria na kumimina mingine mipya ndani ya mianzi. Nilimwona mpiga picha aliyetundika shuka lililochorwa mlima, ili wale ambao miguu yao haipandi wapigwe picha kana kwamba wako kileleni. Nilipita kisimani ambako foleni ya madumu ilikuwa ndefu kuliko ya watu. Nilirudi dispensari. Imefungwa. Nikazunguka tena.

Kwenye ukuta wa sokoni waliketi wagonjwa waliosubiri jua lipungue. Huko Karimaini watu hawaulizani wanaumwa nini. Mwanamume mmoja wa Tharaka, mguu wake mmoja umevimba kama gogo na kuzungushiwa blanketi, aliniita niliposhindwa kuhesabu ni mara ya ngapi napita mbele yake.

"Mama, wewe umeleta nini?"

Nilimwelewa. "Nimeleta miguu isiyotaka kutulia."

Aliutazama mguu wake, kisha akatazama yangu. "Si unigawie mmoja?"

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mvua ndefu. Nilisimama naye muda, akanieleza kwamba huja kila mwaka, na mguu haujapona, lakini kila mwaka hupata mtu wa kuongea naye.

"Na dawa unatumia?" nikamuuliza.

"Natumia zote. Za hospitali, za miti, za huku. Mungu hajaniambia anakasirikia ipi."

Nilipita dispensari mara nyingine. Mlinzi alinipungia mkono kutoka mbali, kunipunguzia safari.

Jua lilipoinama kidogo, Njia ya Msalaba ikaanza. Ungeniuliza kwa nini nilipanda, ningekujibu hivi: Shosho alikuwa na umri wa kushikwa mkono, na hakukuwa na mwingine wa kumshika. Tena kukaa kulikuwa kunaniumiza zaidi kuliko kutembea. Na tena, nisifiche, nilitaka kupona. Nilikuwa nimeona watu wengi siku hiyo walioleta vitu vizito kuliko changu, nikafikiri labda changu, kwa kuwa ni chepesi, kitachukuliwa.

Mlima ule una misalaba ya mbao kando ya njia ya mawe. Kwenye kila kituo padre anasoma, watu wanapiga magoti juu ya changarawe, wanaimba, wanainuka. Vituo vya mwanzo nilivimudu. Shosho alikuwa amenishika mkono, akiimba kwa sauti yake nyembamba. Baadaye nikaona mgongo wa mtu aliye mbele yangu unagawanyika mara mbili. Jasho lilikauka ghafla. Moyo ulikimbia, ukajikwaa, ukasimama kidogo kana kwamba umesahau njia, ukakimbia tena. Nilitaka kumwambia Shosho. Nilisikia goti langu likigonga jiwe na sikuhisi maumivu.

Nilikuwa nimelala chali, macho wazi, mwili mzima ukitikisika. Kelele nilizisikia vizuri.

"Roho amemshukia!"

"Msimguse! Mwacheni, anaponywa!"

Wimbo ulipanda. Wanawake walinizunguka wakipiga makofi, kola zao za buluu zikipanda na kushuka juu yangu. Mmoja alikuwa akilia kwa furaha. Mimi sikuweza kutoa sauti. Nilifikiri: nitakufa hapa na watu wataimba.

Ndipo Shosho akapiga magoti kando yangu. Aliingiza mkono wake ndani ya blauzi yangu, akaulaza kifuani. Mkono ule ulikuwa mkavu na baridi. Uso wake ulibadilika. Aliinama, akaweka sikio lake pale pale, mbele ya watu wote na padre, kitambaa cha kichwani kikamwanguka.

Alipoinua kichwa alipaza sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Nyamazeni! Si Roho! Ni moyo wake, unakatika! Nyamazeni mtoe blanketi!"

Mama aliyekuwa akilia akamwambia, "Shosho, kuwa na imani."

"Imani ninayo," Shosho akajibu. "Lete blanketi!"

Blanketi lililokuja lilikuwa la yule mtu wa Tharaka. Lilipitishwa kutoka mkono hadi mkono tangu chini ya mlima. Wanaume walinibeba ndani yake. Dispensari ilikuwa wazi. Sista alikuwa amerejea saa hiyo hiyo, vumbi likiwa bado kwenye shela lake. Alinishika kifundo cha mkono, akauliza jambo moja: "Anatumia dawa gani?" Nilimsikia Shosho akijibu. Alizitaja kwa rangi. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyezitoa." Sista alinidunga sindano, akamwita dereva, na tukaelekea Embu.

Nilikaa kwenye wodi ya Embu hadi mvua za Oktoba zikaanza kunyesha juu ya mabati. Siku za mwanzo nazikumbuka vipande vipande: pamba yenye spiriti, mgonjwa wa kitanda cha pili aliyekuwa akinisukia nywele chache zilizobaki, muuguzi aliyefungua dirisha kila alipopita kwa sababu aliona napenda upepo. Haya ni madogo, lakini ukiwa umelala hapo ndiyo unayohesabia siku.

Murithi alikuja ameshika ile mikebe ya dawa mkononi. Alikuwa ameikuta kabatini kwa mama yake. Aliiweka kwenye kitanda, akageuka kwa Shosho aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki.

"Mama, ulitaka kumuua?"

"Nilitaka apone."

"Toka nje."

"Murithi," nikasema.

"Nimesema atoke nje. Na asirudi hapa."

Shosho aliinuka, akachukua lesso yake, akatoka. Nilidhani amerudi Meru. Hakurudi. Kwa siku kadhaa alikuwa akiketi nje ya lango la hospitali na chupa ya chai yenye uji, akimwomba yeyote aliyeingia kuona mgonjwa aniletee. Uji ulikuwa ukifika kitandani kwangu kutoka kwa watu nisiowajua. "Uji huu umetumwa na mama yako, aliye kwa lango," wangesema. Aliwaambia yeye ni mama yangu, si mama mkwe.

Nilikuwa na hasira naye, na hii sasa haikuwa ya tezi. Ilikuwa yangu. Nilikuwa nalala nikimwona akifungua ile soksi. Lakini pia nilikumbuka sikio lake kifuani mwangu. Mambo hayo mawili hayakutaka kukaa pamoja, na nilikuwa nikigeuka kitandani kama mtu aliyelalia mawe. Siku moja mvua kubwa ilinyesha saa za kuona wagonjwa. Nikamwambia Murithi, "Mama yako ananyeshewa."

"Anajua njia ya nyumbani."

"Mlete ndani, Baba Kendi. Mimi ndiye mgonjwa, na mimi ndiye ninayemwita."

Alikwenda. Walirudi wote wawili wakiwa wamelowa. Shosho aliketi miguuni pangu, akaanza kunisugua nyayo. Hakuna aliyeomba msamaha na hakuna aliyetoa. Alisugua tu, mpaka kengele ikalia.

Nyumbani, dawa zangu alizishika yeye. Kila asubuhi alivuka ua na kikombe cha maji, akanipa vidonge, akanitazama hadi nimemeza, na wakati mwingine akaniambia nifungue kinywa aone. Murithi alichukua muda mrefu kabla ya kula chakula alichopika mama yake. Kendi ndiye aliyewarudisha pamoja, kwa kukataa kubeba salamu zao kutoka nyumba hii hadi ile. "Mimi si posta," aliwaambia.

Kiangazi cha mwanzo wa mwaka, kahawa ikiwa imeshachumwa, tezi yangu ilipokuwa imetulizwa vya kutosha, nilipasuliwa ili itolewe. Hilo nalo lilikuwa na mabenchi yake. Niliamka nikiwa na kovu kama mkufu shingoni, na sauti yangu imebaki mnong'ono. Kwa wiki nyingi niliongea na familia yangu kwa kupiga meza. Ukifika hapo usiogope. Sauti yangu ilirudi, ingawa ni nzito kidogo, na kwenye kwaya nimehamishwa kutoka sauti ya kwanza hadi ya pili. Bado ninameza kidonge kimoja kila asubuhi na nitakimeza hadi kufa. Mwili ulirudi polepole, kwanza mashavu, kisha mikono. Macho hayajarudi kabisa. Wateja wapya hudhani nashangazwa na vipimo vyao.

Jambo geni zaidi lilikuwa kukaa. Mchana mmoja niligundua kwamba nimeketi kwenye kigoda nikichambua mboga, na kwamba nimekuwa hapo muda mrefu, na sikuwa nikitaka kwenda popote.

Mvua ndefu ziliporudi, katekista alikuja kuniomba nitoe ushuhuda kanisani. Watu walikuwa wakisema kwamba Gacheri alianguka Karimaini na akaponea pale. Nilisimama mbele, nikaeleza. Nilisema niliugua, nikapewa dawa, nikapanda mlima bila dawa, nikaanguka, nikabebwa na blanketi la mtu asiyenijua, nikatibiwa Embu, nikapasuliwa, nikapona. Niliwaomba wasimwachishe mgonjwa dawa kwa ajili ya sala. Wachache walipiga makofi. Wengi walionekana kutarajia kitu kingine.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na Shosho, tukishikana kwa ajili ya matope. Tulikuwa tumekaribia boma aliposema:

"Umeruka mahali."

"Ndiyo."

"Ulisema ulipanda bila dawa. Hukusema zilienda wapi."

"Shosho, hilo ni kanisa lako. Utakaa nao vipi wakijua?"

Alisimama kutoa matope kwenye kiatu kwa kijiti.

"Yule mama wa kule mlimani," akasema, "aliyesema usiguswe. Unadhani sasa yuko wapi?"

"Sijui."

"Yuko kwake. Na labda ana mgonjwa wake, na mgonjwa ana dawa zake kwa mfuko. Ungemwambia zilienda wapi, labda angejua mimi na yeye ni mtu mmoja." Alitupa kijiti. "Wewe umesoma. Liandike. Na usiandike 'mtu fulani.' Weka jina langu."

Basi naliweka. Anaitwa Kanyua, mama yake Murithi na Kananu. Ndiye aliyezitoa dawa zangu mfukoni kwa sababu alinipenda, na ndiye pekee kwenye mlima ule aliyeinama kusikiliza moyo wangu.